Jaber na Mapipa Matatu

Wajukuu wangu, na ninyi wengine mnaonijia hapa Mbita na simu zenu mkitaka kunirekodi, kwanza sogeeni mbali na lile pipa la jikoni. Jaber yuko nje, na akimwona mtu amesimama kando ya pipa atakuja kusimama naye, na hataondoka. Ni mzee sasa, ana mvi puani na meno yamelegea, lakini kazi yake hajaisahau. Mimi ndiye niliyestaafu. Magoti yaligoma, nikalitundika ukutani gunia langu la kukalia, nikabaki na kazi ya kusema tu, ambayo majirani wanadai nilikuwa nimeianza kitambo.

Juzi mmoja wenu aliniambia, "Mathe, si utupe tu ile siri tujitoe?" Siri! Kana kwamba ubingwa wa mbio za mapipa ni kitu cha kufungiwa kwenye karatasi kama mandazi. Kaa chini, kijana. Na ukikaa, kaa vizuri, maana hapo ndipo somo linapoanzia.

Punda hakaliwi kama farasi. Farasi nimewaona kwenye televisheni, mtu anakaa katikati ya mgongo, kifua mbele, anapendeza. Punda ukimkalia hapo utateleza mpaka shingoni, naye akiinamisha kichwa kuchuma nyasi, wewe ndiye utakayezifikia nyasi kwanza. Kaa nyuma, karibu na kiuno chake, pale mfupa unapopanuka, na miguu yako iache ining'inie. Ukitaka kukata kona, usivute kamba. Elekeza goti na macho kule unakokwenda. Ukilitazama pipa, utaligonga pipa, nakuapia. Haya yote niliyajua kwa kuanguka, na sikuanguka kichakani. Nilianguka mbele ya watu walionijua kwa jina.

Kwa wale wageni wa mchezo wenyewe: tunapanga mapipa matatu ya buluu uwanjani kwa pembe tatu, tunachora mstari wa majivu. Unatoka mstarini, unazunguka pipa la kwanza, la pili, la tatu, halafu unarudi mbio mpaka kwenye majivu. Kila mtu anakimbia peke yake, mwamuzi anashika saa. Ukiangusha pipa, umetoka. Huo ndio mchezo, na kwa huo mchezo mimi nimecheka na kulia kuliko katika mambo mengine yote ya maisha yangu, harusi yangu ikiwemo.

Nililetwa Mbita nikiwa bibi harusi kutoka Suna, kule Migori, ndiyo maana mpaka leo naitwa Nyar Suna, binti wa Suna. Mume wangu Ochieng ni fundi wa injini za boti. Katika boma lao nilimkuta punda mwenye sikio moja lililochanika na tumbo lililotangulia kila mahali. Marehemu baba mkwe alikuwa amemnunua kwa Mkuria mmoja wa Kegonga, mzee Chacha, na kwa sababu watu walimcheka njia nzima, akampa jina la Jaber. Kwa Kijaluo ni mrembo. Watu wakazidi kucheka, lakini jina likashika.

Kazi ya maji ikawa yangu. Asubuhi tunashuka ziwani, najaza mitungi minne ya plastiki, namfunga Jaber miwili huku na miwili kule, tunapanda mjini kuuza. Kila mteja ana pipa lake mlangoni. Sasa sikilizeni hapa, maana mambo yote yaliyofuata yamelala hapa. Tukifika kwenye pipa, Jaber anasimama. Namimina mitungi ya upande mmoja, halafu naupiga kitako ule wa mwisho: du! Watu wa Mbita wanalala na ziwa zima mlangoni, lakini ukiwabakishia kijiko kimoja cha maji ndani ya mtungi utasemwa mpaka kanisani. Kwa hiyo unaupiga kitako wasikie kwamba ni mtupu. Jaber akisikia du moja, analizunguka pipa mwenyewe, analibana kwa karibu, ili upande wa pili uwe mbele ya pipa. Namimina tena. Du-du! Mara mbili, yaani hapa tumemaliza. Hapo anaondoka, na kama ndiyo safari ya mwisho, anaondoka kwa mbio hasa.

Pipa la mwisho la kila siku lilikuwa la mama mkwe wangu, Min Ochieng, yaani mama yake Ochieng. Huyo hakuniamini hata kidogo. Alininyang'anya mtungi akaupiga kitako yeye mwenyewe, kwa kiganja kizito cha mtu aliyezoea kusonga ugali wa watu wengi. Du-du! Jaber alikuwa akikisikia kiganja hicho kila jioni, halafu anakimbilia majani yake nyuma ya jiko. Hakuna sauti aliyoipenda kuliko hiyo.

Mbio zenyewe zilizaliwa na ubishi. Vijana wa maji wa Mbita na wale wanaosomba mawe ya dhahabu kwa punda kule Masara walikuwa wanabishana ni punda wa nani mwepesi, mpaka mtu akasema yaishe, tuweke mapipa. Siku ya kwanza ilikuwa hapa hapa Mbita. Nikajiandikisha kwa sababu nilichoka kusikia majigambo ya wavulana ambao punda wao huwaangusha sokoni. Nikavaa suruali ya Ochieng, na kwa heshima ya mama mkwe nikavaa sketi juu yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele na akina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, mikono mapajani. Mimi nikatoka mstarini kwa mbwembwe. Sketi ikapanda ikanifunika uso, kwa hiyo sikuona kilichotokea. Nilihisi tu kwamba tumesimama. Niliposhusha sketi, Jaber alikuwa ametulia kando ya pipa la kwanza, mguu mmoja wa nyuma ameulegeza, kama mtu anayengoja chai.

Nikampiga visigino. Wapi! Nikambembeleza. Wapi! Nikachukua fimbo, naona aibu hata kusema, nikamchapa. Akageuza shingo akanitazama kwa huruma. Mwamuzi alikuja akanishika mkono akanishusha, na akina mama wa kanisa walikuwa wamelaliana mabegani kwa kicheko. Mmoja tu hakucheka.

Jioni Min Ochieng aliniita jikoni kwake. "Nyar Suna," akasema, "nimekaa na hao wanawake tangu nikiwa bibi harusi. Leo wamenicheka mpaka wengine wamejikojolea."

"Pole, Mama."

"Nimempata mtu. Okoth wa Masara. Ana mtamba mwekundu, ana doa jeupe hapa kwa paji. Anamtoa kwa huyo punda. Ng'ombe, Nyar Suna! Mgeni akiingia kwa boma anaona ng'ombe."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Nilikuwa nimewaona punda wa Okoth. Wanapanda kutoka mashimoni na magunia ya mawe mpaka kwenye mashine za kusaga, mchana kutwa, na mgongoni wana vidonda vya ukubwa wa sahani. Jaber wangu, anayesubiri mtungi wake kwa adabu, angedumu kule muda gani? Nililia pale pale, na sikujali nani ananiona.

Okoth alikuwa ameahidi kumleta huyo mtamba Migori siku ya mbio za pili, wabadilishane palepale uwanjani. Nikapiga magoti. "Mama, niache nikimbie naye mara moja tu kabla hajamchukua. Akishinda, abaki."

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alipokiokota, akasema, "Haya. Akishinda, ng'ombe arudi kwao. Lakini huyo mtamba nishamchagulia jina."

Sasa nilikuwa na punda asiyekimbia na mama mkwe mwenye ng'ombe wa jina. Ningeenda wapi? Nikaenda Kegonga, kwa yule Chacha ambaye Jaber alizaliwa zizini mwake. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye turubali. Hakuniuliza habari za safari.

"Ulimpiga?" akauliza nilipomaliza kueleza.

"Kidogo."

"Akaenda?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulichosha mkono bure. Ng'ombe ikiogopa inakimbia. Punda ikikosa kuelewa inasimama, inafikiria. Sasa wewe unapiga kitu iko katikati ya kufikiria." Akatupa gunzi pembeni. "Hiyo punda inafanya kazi gani kwenu?"

"Kubeba maji."

"Inapeleka wapi?"

"Kwa wateja. Inasimama kwa…" Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. "Kwa mapipa, mzee. Inasimama kwa mapipa!"

Chacha aliliacha hindi likaanguka. Kwanza alitikisika mabega tu, halafu kicheko kikatoka, akajifuta machozi kwa ukosi wa shati. "Binti yangu, punda ilifika kazini! Ilifika mapema kuliko wote! Ilikuwa inakungoja wewe umimine!"

Tulicheka mpaka mkewe akatoka nyumbani kuuliza nani amekufa. Halafu Chacha akauliza swali lililonipa ubingwa: "Na ikiwa kwa pipa, nini inaiambia iondoke?" Nikachukua debe lake tupu la mahindi, nikaligeuza, nikapiga kitako. Du-du! Chacha akaokota hindi lake akaendelea kupukuchua. Nilirudi Mbita nikiimba njia nzima, na abiria wenzangu wakaniacha na kiti chote peke yangu.

Nilifanya mazoezi alfajiri, kabla ya kushuka ziwani, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Nilijifunga kiunoni mtungi mdogo wa lita tano, ule wa mafuta ya kupikia. Tukafika kwenye pipa, Jaber akasimama. Du! Akalizunguka, ubavu wake karibu unalifuta vumbi pipa, hata bata asingepita katikati. Du-du! Akatoka mbio kuelekea pipa la pili, na mimi nikabaki hewani kisha chini. Nililala pale mavumbini nikicheka peke yangu kama mwehu. Nilichokuwa nikikitafuta kwa fimbo nilikuwa nimekifundisha mwenyewe kila siku bila kujua. Wale vijana wa Masara walikuwa wanahangaika kuwafundisha punda kukata kona, wa kwangu alikuwa ameikata maelfu ya mara akiwa na mitungi minne.

Hapo niwape jingine la bure. Kabla ya mbio usimpe punda maji mengi, mpe kidogo na umwache agaegae mchangani mpaka atosheke. Kagua kwato, udongo mweusi wa huku ukikauka ndani huwa jiwe. Na uangalie kamba zako. Kamba, vijana. Kagueni kamba. Mtaona kwa nini.

Siku ya Migori tulimpandisha Jaber kwenye lori la kanta pamoja na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, akayanusa njia nzima kwa dharau. Uwanja ulikuwa umejaa. Okoth alikuwa ameshafika na mtamba wake, mwekundu kweli, doa jeupe kweli, mrembo hata mimi nilimtamani. Mama mkwe alisimama naye karibu na mama mmoja muuza uji, anampapasa ng'ombe shingo, anamwita kwa lile jina. Sikutaka hata kulisikia.

Vijana wa Masara walikimbia vizuri, sitawanyima haki yao. Punda wao walikuwa wembamba na wakali. Lakini kila kona waliipitia mbali, kwa kuyaogopa mapipa, na wawili waliyaangusha. Ikafika zamu yangu. Mshika kipaza sauti, kijana wa mjini mwenye kofia kinyumenyume, akapiga kelele: "Na sasa ni mathe kutoka Mbita! Ni ule wa sketi! Watu wangu, mko ready?"

Watu walianza kucheka kabla sijafika mstarini. Nikakaa nyuma, kwenye kiuno, nikapumua, nikamwambia Jaber sikioni, lile zima, "Tunapeleka maji, mama." Tukatoka.

Pipa la kwanza. Akasimama kufumba na kufumbua, du! Akazunguka. Du-du! Akaruka. Kicheko kikakatika uwanja mzima. Pipa la pili, du! Akalibana nikasikia plastiki ikikwaruza goti langu. Du-du! "Wacha! Wacha! Mnaona hiyo kitu?" yule kijana akawa anaimba. Upepo masikioni, mate yananitoka, nikajisikia nina umri wa msichana wa shule. Nilikuwa nimeshashinda. Nilikuwa naiona sura ya Okoth ikibadilika.

Tukafika pipa la tatu. Nikapeleka mkono kiunoni, na mkono ukakuta sketi. Kamba ilikuwa imekatika. Mtungi ulikuwa nyuma kule, unajiviringisha nyasini peke yake.

Jaber akasimama. Akalegeza mguu wa nyuma.

Nilipiga makofi. Nilipiga paja langu. Nilipiga pipa lenyewe, likatoa sauti nyingine kabisa, akaligeukia kulinusa. "Yawa!" kijana akalia kwenye kipaza. "Punda imegoma! Imeweka mgomo, jameni, inataka nyongeza!" Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha Mbita. Okoth akaanza kukunjua kamba ya kumfungia Jaber. Niliinama nikamkumbatia shingo, na nilikuwa namuaga, ndiyo ukweli, nilikuwa namwomba msamaha kwa mawe yote atakayobeba.

Ndipo nikasikia. Du!

Si makofi, si ngoma. Kiganja kizito juu ya kitako cha mtungi mtupu. Sikio zima la Jaber likasimama, hata lile lililochanika likajaribu. Akalizunguka pipa. Nikainua kichwa nikamwona Min Ochieng amesimama juu ya benchi, kitambaa kimemwangukia shingoni, mtungi wa yule mama wa uji ameubana kwapani, ameinua mkono.

Du-du!

Wanangu, sijawahi kubebwa vile. Ile ilikuwa sauti ya jioni, sauti ya pipa la mwisho, ya majani nyuma ya jiko. Jaber aliruka majivu bila kuyaona, akampita mwamuzi, akampita kijana wa kipaza, watu wakatawanyika huku na huku, uji ukamwagika, akaenda kusimama mbele ya mama mkwe wangu, pua kwenye mtungi. Mimi sikusimama. Mimi niliendelea, nikatua miguuni pa mama mkwe na sketi kichwani.

Masara walilalamika, bila shaka. Walisema nimesaidiwa. Mwamuzi alikuna kichwa, akasema uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele na hakuna sheria inayomkataza bibi kupiga mtungi. Saa ilikuwa yetu, tulishinda hata pamoja na ule mgomo. Na tangu siku hiyo, ikawa yetu tena na tena, Homa Bay, Kegonga kwenye matope, Migori, huku wapinzani wakileta mitungi ya kila aina na kuwatisha tu punda wao. Vikombe viko kabatini, mtaviona mkinywa chai, vingine ndimo mtakamonywea. Lakini mimi nikiulizwa juu ya ubingwa, huwa sikumbuki vikombe. Nakumbuka dakika ile iliyofuata.

Okoth alikuja na kamba mbili, moja ya mtamba, moja tupu. "Mama," akamwambia mkwe wangu, "huyo ng'ombe bado ni wako kama unataka. Maneno ya mbio ni mchezo tu."

Min Ochieng alimtazama yule mtamba. Alimtazama kwa muda, jamani, alimgusa lile doa jeupe, na nilijua kabisa kwamba anamtaka. Halafu akaona vijana wa Masara wanamwonyesha Jaber vidole na kulicheka sikio lake.

"Mnacheka nini?" akawauliza. "Mnacheka punda yangu?" Punda yangu! Akamgeukia Okoth. "Rudi na ng'ombe yako, kijana. Mzuri, lakini hajui mkono wangu."

Nilimpenda mwanamke yule wakati ule kuliko nilivyompenda mtoto wake, na Ochieng anajua, nimemwambia. Nikabaki nimekaa chini nalia na uji kwenye nywele. Yeye akanifuta uso kwa kitambaa chake cha kanisa, akanivuta sketi ikashuka mahali pake. Kisha akaugeuza ule mtungi, akachungulia ndani kuhakikisha, kwa tabia yake, akaupiga kitako mara mbili.

"Maji yamekwisha, Nyar Suna," akasema. "Twende nyumbani."